Picha iliyo ukutani kwa Nkambo

Safu hii iliponyamaza kwa majuma matatu wakati wa Pasaka ya mwaka 2025, baadhi yenu mlileta barua kuuliza kama mwandishi wenu ni mgonjwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa Zambia kwa mdogo wangu aliyeolewa huko, mahali paitwapo Kafutuma, ufukweni mwa Ziwa Mweru katika wilaya ya Nchelenge. Nilikuwa nimeahidi kuwaletea maelezo ya jinsi akina mama wa huko wanavyoanika na kuhifadhi chisense, yaani vidagaa vya ziwa hilo, na ahadi hiyo nitaitimiza siku nyingine Mungu akinijalia. Leo ninalo jambo jingine. Lilitokea ndani ya nyumba niliyofikia, usiku, mbele ya televisheni, nami naliona ni la kila mzazi aliye na mtoto ajuaye kusoma.

Safari ya kutoka Tunduma kupitia Kasama, Luwingu na Mansa ni ndefu, na sitawachosha kwa habari za mabasi. Inatosha kusema kwamba watu wa Kafutuma ni wavuvi, na kwamba kila mwaka serikali yao hufunga uvuvi tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana. Kwa hiyo Pasaka huwakuta nyavu zikiwa zimekwisha kurudi majini, na nyumba zina nafasi kidogo ya kununua kitenge, sukari, na mambo ya kufurahisha watoto. Lugha yao ni Kibemba. Lakini ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na katika miji ya huko kama Kilwa na Pweto watu huzungumza Kiswahili cha Katanga, na ziwa halijawahi kuwazuia watu kuoana. Mama mkwe wa mdogo wangu alizaliwa upande huo. Wajukuu humwita Nkambo, kama bibi aitwavyo huko Katanga. Kiswahili chake si hiki chetu cha magazetini, nami niliyoyasikia kwake nayaandika hapa kwa Kiswahili chetu. Anisamehe.

Katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo ipo picha. Ni ya karatasi, imefifia, imewekwa katika fremu ya mbao yenye kioo kilichopasuka pembeni. Inamwonyesha mwanamume mwembamba wa uso, mwenye nywele ndefu na ndevu chache, na macho ya buluu yanayokufuata popote unapoketi. Nkambo aliinunua kwa mchuuzi sokoni Kashikishi mwaka 1998, mwaka ambao mwanawe wa kwanza aliingia ziwani jioni na asirudi. Tangu hapo, upepo unapochafua ziwa na wanaume wako majini, yeye huwasha kibatari na kuketi mbele ya picha ile mpaka mtumbwi wa mwisho ufike pwani. Mdogo wangu aliniambia hayo usiku wa kwanza, kwa sauti ya chini, ili nisije nikauliza ovyo.

Shemeji yangu alikuwa amenunua paneli ya jua na betri. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia nzima ilikaa gizani saa nyingi kila siku, naye akaona afadhali awe na umeme wake. Basi juma lile Takatifu alileta kutoka sokoni flashi yenye mchezo wa televisheni uitwao "Yesu wa Nazareti", ule ulioongozwa na Mwitalia Franco Zeffirelli na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Mchezo wote unapita saa sita. Tuliugawa, kila usiku kipande, kadiri betri ilivyoruhusu. Majirani walikuja na viti vyao. Na kwa kuwa mchezo ni wa Kiingereza, mkalimani wetu alikuwa mjukuu mkubwa wa nyumba hiyo, kijana wa miaka 14, aliyesimama kando ya kioo akigeuza maneno kwa Kibemba, na mara mojamoja kwa Kiswahili kwa ajili yangu na bibi yake.

Ilikuwa Jumatano. Kipande cha usiku ule kilipokwisha yakaanza kupanda majina, yale majina ambayo sisi sote huyatumia kama nafasi ya kuamka na kukung'uta kanga. Kijana hakuwa na la kufasiri, kwa hiyo akayasoma. Akaingia ndani, akarudi na simu, akaiinua mpaka usawa wa picha ya ukutani, akatazama huku na kule. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Nkambo, huyu wako siye. Huyu ni Mwingereza. Jina lake Robert Powell, na yu hai."

Mdogo wangu alikwisha kuvua kandambili. Nkambo akamzuia. "Mwache," alisema. "Mtoto hajatukana mtu." Akanyamaza muda, kisha akasema neno ambalo sitalisahau, "Basi miaka yote hii nimeketi na nani?"

Majirani wakachukua viti vyao, mmoja baada ya mwingine, wakaaga kwa adabu. Tulipobaki wenyewe, mama yule akanigeukia mimi. "Wewe unaandika magazetini. Anasema kweli?"

Wasomaji wangu, nakiri kwamba nilitamani kusema uongo. Sisi tumelelewa kumfariji mkubwa, na uongo mdogo wa kumfariji mkubwa hatuuhesabu miongoni mwa dhambi. Lakini kijana alikuwa amesimama pale na simu mkononi, na kama ningesema uongo angekuwa amejifunza usiku ule kwamba kusoma ni kosa. Nikasema, "Ni kweli, mama. Ni picha ya mchezaji." Nkambo akaitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kiti. "Haya, niambie habari zake. Mtu nimekaa naye nyumba moja miaka 27, nami simjui hata kwao."

Nilimweleza niliyoyajua usiku ule na usiku uliofuata. Mengine nimeyatafuta baada ya kurudi, nami nayaweka hapa pamoja.

Mchezo ule haukuanzia kanisani. Mtu aliyetoa fedha na kuusukuma mpaka ukawa ni Lew Grade, Myahudi aliyezaliwa Ukraine mwaka 1906 na kukulia London, ambaye alikuwa mkubwa wa kampuni ya michezo ya televisheni iitwayo ITC. Alikuwa amekwisha kutengeneza mchezo juu ya Musa, pamoja na RAI, shirika la utangazaji la Italia. Alisimulia mwenyewe kwamba alipopokelewa na Papa Paulo wa Sita, Papa aliusifu mchezo wa Musa na kusema anatumaini utakaofuata utamhusu Yesu. Grade alitoka pale na kazi kichwani.

Aliyechaguliwa kuuongoza, Zeffirelli, alikataa kwanza, kisha akakubali. Huyu alizaliwa Florence mwaka 1923, nje ya ndoa, akafiwa na mama yake angali mtoto mdogo. Nilipofika hapo Nkambo alinikatiza. "Ndiyo maana," alisema. Alikuwa anakumbuka sura ya Mama Maria ambayo tungeiona siku mbili baadaye, lakini yeye alikwisha kuiona zamani kwa jirani: Maria ameupakata mwili wa mwanawe katika mvua kubwa, analia kama wanawake wanavyolia kweli, mdomo wazi, bila kujali uso wake unaonekanaje. Siwezi kuthibitisha kwamba yatima wa Florence alikuwa anamkumbuka mamaye alipoipanga sura hiyo. Namwachia Nkambo hoja yake, kwa kuwa amelia machozi ya namna hiyo kuliko mimi.

Maria huyo alikuwa Olivia Hussey, mzaliwa wa Buenos Aires huko Argentina, mwaka 1951. Zeffirelli alikuwa amemfanya Juliet katika filamu yake ya mwaka 1968, naye alikuwa binti mdogo sana wakati huo. Sasa tazameni ajabu ya kazi hii: Powell alizaliwa mwaka 1944. Mama, basi, alikuwa mdogo kuliko mwanawe kwa karibu miaka saba! Nilipolisema hilo Nkambo alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akajipiga paja. Hussey alifariki tarehe 27 Desemba 2024, miezi minne tu kabla ya sisi kumtazama akilia ufukweni mwa Mweru.

Na Powell mwenyewe? Ni mtu wa Salford, mji wa viwanda uliopakana na Manchester. Anthony Burgess, mmoja wa waandishi wa mswada, alizaliwa Manchester yenyewe, kwa hiyo Yesu wa televisheni na maneno yake walitoka karibu mtaa mmoja. Powell hakuwa chaguo la kwanza. Yalitajwa majina ya wachezaji wakubwa wa Marekani, na yeye mwenyewe alifikiriwa kwanza kwa nafasi ya Yuda. Kilichompandisha ni macho. Yuda akapewa Mwingereza mwingine, Ian McShane. Muda mfupi kabla ya kwenda jangwani mwaka 1975, Powell alifunga ndoa na mchezaji ngoma wa televisheni aitwaye Barbara Lord, akaondoka bwana harusi kwenda kuwa Masiya.

Yale macho yanayokufuata chumbani yana siri, na siri yenyewe akina mama mtaielewa upesi. Ni wanja. Wapambaji walimchora mstari mwembamba wa buluu iliyoiva ukingo wa juu wa jicho, na mstari mweupe ukingo wa chini. Juu ya hayo, Powell alijizuia kupepesa. Mtazameni tena mkipata nafasi: anaweza kusema maneno mengi bila kope kushuka hata mara moja. Na kabla ya kupigwa picha za msalabani, imeelezwa kwamba alikula jibini peke yake kwa siku 12 ili aonekane amedhoofika. Nkambo aliuliza jibini ni kitu gani. Nilipomwambia ni maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa, alisema hilo si funga kubwa, watu wa Kafutuma wangelipokea Kwaresima nzima kwa furaha.

Upigaji picha ulianza Septemba 1975 ukaendelea mpaka Mei 1976, Morocco na Tunisia. Yerusalemu mliyoiona, na Hekalu lake, ilijengwa Monastir, mji wa pwani alikozaliwa Habib Bourguiba, Rais wa kwanza wa Tunisia. Watayarishaji waliomba ushauri Vatikani, kwa marabi wa chuo cha Leo Baeck cha London, na katika shule ya Kurani ya Meknes huko Morocco. Ushauri haukufuatwa wote. Zeffirelli alitaka sherehe ya kijana Yesu kuingia utu uzima kwa desturi ya Kiyahudi. Rabi mmoja akamwambia wazi kwamba sherehe ya namna hiyo ilianza karne nyingi baadaye. Akaiweka vilevile. Mwongozaji ni kama mama mwenye jiko, husikiliza kila mtu kisha hutia chumvi kwa mkono wake.

Lakini mimi moyo wangu uko kwa watu wa umati. Katika sinagogi mnaona wazee wenye ndevu wanaosikiliza kwa makini. Hao walikuwa Wayahudi wa kweli, wa kisiwa cha Djerba, ambako jamaa zao wameishi kwa karne nyingi. Wale wanaopunga matawi, wanaosukumana kumgusa, wanaopiga kelele mbele ya Pilato, walikuwa wenyeji wa Morocco na Tunisia, wengi wao Waislamu, wakulima na wachuuzi na mafundi waliopata kazi ya msimu kama mtu apatavyo kibarua cha kuvuna chai. Majina yao hayamo katika yale yaliyopanda kwenye kioo. Na walijifunza kazi. Mwaka 1978 kikundi cha wachekeshaji wa Kiingereza, Monty Python, kilikwenda Monastir kutengeneza filamu ya mzaha katika majengo yaleyale. Mwongozaji wao, Terry Jones, alisimulia kwamba wazee wa Kitunisia walimlaumu: Bwana Zeffirelli asingefanya hivi! Kibarua cha miezi michache kilikuwa kimewafanya walinzi wa heshima ya kazi.

Shemeji yangu, ambaye hakusema mengi kwa siku hizo zote, alitaka kujua kama yumo Mwafrika mweusi hata mmoja. Yumo, na ni mkubwa. Mfalme Balthazari, mmoja wa wale mamajusi watatu, alichezwa na James Earl Jones, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1931. Alipokuwa mtoto alikuwa na kigugumizi kibaya hata akakaa miaka kama minane bila kusema na watu isipokuwa kwa lazima. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa na sauti inayotambulikana kuliko zote katika sinema za dunia. Watoto wa nyumba ile walikuwa wanamjua bila kujua kuwa wanamjua, kwa sababu yeye ndiye sauti ya mfalme Mufasa, baba yake Simba, katika ile katuni ya mwaka 1994. Alifariki Septemba 2024. Kwa muda wa dakika kumi hapakuwa na habari ya Biblia tena katika chumba kile, kila mtoto alikuwa ananguruma.

Wengine nitawapitia upesi, maana orodha ya watu mashuhuri katika mchezo ule haina mwisho: Laurence Olivier alikuwa Nikodemo, Peter Ustinov Herode mkubwa, Anthony Quinn Kayafa, Rod Steiger Pilato, Anne Bancroft Maria Magdalena, Michael York Yohana Mbatizaji. Ian Holm alikuwa Zera, mwandishi wa Hekaluni anayemdanganya Yuda. Huyu Zera msimtafute katika Injili, hayumo. Ametungwa. Nilimwambia kijana aliseme hilo kwa Kibemba waziwazi, kwa sababu majirani wawili walikuwa wamekwisha kumlaani Zera kwa jina, na ilikuwa si haki kumlaani mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Kabla mchezo haujaonyeshwa ulikuwa na adui zake. Zeffirelli alisema mbele ya waandishi kwamba atamwonyesha Yesu kama mwanadamu, mtu wa upole. Huko Marekani mhubiri Bob Jones wa Tatu, mkuu wa chuo kikuu chenye jina la ukoo wake, akaukemea kabla hajauona. Barua zikamiminika. General Motors, kampuni ya magari iliyokuwa imeudhamini, ikaogopa na kujitoa. Nafasi yake ikachukuliwa kwa bei ndogo na Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni. Italia iliuona kuanzia tarehe 27 Machi 1977. Uingereza na Marekani ziliuona Jumapili ya Matawi na Jumapili ya Pasaka ya mwaka huohuo. Kelele zikaisha. Na sura ya Powell ikaanza kusafiri peke yake: ikachapwa katika kalenda, katika kadi, katika karatasi za kuuzwa sokoni, bila jina lake, nchi baada ya nchi, mpaka Kashikishi.

Nkambo akakumbuka kwamba yeye alikwisha kumwona Yesu mwingine tena. Miaka mingi iliyopita watu walitandika shuka jeupe kati ya miti miwili, wakawasha mashine, na Yesu akasema Kibemba safi kuliko padri. Nadhani namjua pia huyo. Ni filamu iitwayo "Yesu" ya mwaka 1979, iliyopigwa Israel, ambayo imetiwa sauti za lugha zaidi ya 2,000. Uso ni wa Brian Deacon, naye Mwingereza. Lakini sauti aliyoisikia Nkambo ilikuwa ya Mbemba fulani aliyeketi chumbani mbele ya kipaza sauti, akizitazama zile midomo za Deacon na kuzikimbilia kwa maneno ya kwao. Nani alikuwa mtu huyo? Kafutuma nzima hakuna aliyemjua. "Huyo ndiye ningependa kumpikia," alisema Nkambo.

Usidhani kwamba wakati wote huo kijana wetu alikuwa ameketi kwa ushindi. Simu yake ilipowaka, mimi nilimwona mtu wa ndani ya kioo chake, na bibi yake akamwona pia. Nywele ndefu, ndevu, kanzu. "Na huyu wa kwako?" aliuliza Nkambo. Kijana akaona haya. Alikuwa Jonathan Roumie, Yesu wa mchezo mpya uitwao "The Chosen", yaani "Wateule", ambao vijana wengi siku hizi huutazama kwa simu. Alikuwa ameiweka picha hiyo bila kufikiri, kama bibi yake alivyofanya mwaka 1998. Nkambo akauliza kwao Roumie ni wapi na mama yake ni nani. Kijana hakujua. Ikabidi nimsaidie: ni Mmarekani mzaliwa wa New York, baba yake alizaliwa Misri na mama yake Ireland. "Misri ni karibu zaidi kuliko Salford," alisema Nkambo, na hesabu hiyo ikawa imefungwa.

Mchezo huo mpya nao una habari yake. Mwongozaji wake, Dallas Jenkins, alianza na filamu fupi juu ya mchungaji wa kondoo wa Bethlehemu, iliyotengenezwa katika shamba la rafiki yake Illinois kwa ajili ya ibada ya mkesha wa Krismasi ya kanisa lake. Badala ya kampuni kubwa, maelfu ya watu wa kawaida walichanga fedha zaidi ya dola milioni 10, na sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 2019. Walipofika katika muujiza wa mikate na samaki, mwaka 2022, umati haukuwa wa vibarua. Maelfu ya wapenzi wa mchezo walikwenda Midlothian huko Texas, wakiwa na mavazi waliyojishonea, wakaketi katika jua kali kuwa wale waliolishwa. Mtunisia alilipwa ili awe umati. Mtu wa Texas alijigharimia ili awe umati. Sijui ni yupi aliyeshiba zaidi.

Nilitaka kusema kidogo juu ya wavuvi, kwa sababu wao ndio waliotoa hukumu kali kuliko wote. Usiku wa muujiza wa samaki wengi wanaume wa Kafutuma walikuja kwa wingi, wakanyamaza, wakatazama mikono. Simoni Petro wa Zeffirelli ni James Farentino, mzaliwa wa Brooklyn. Walimkubali kwa uso, kwa hasira, na kwa namna anavyogombana na mtoza ushuru, maana hayo wanayajua. Kuhusu kazi ya chombo walitikisa vichwa. Mzee mmoja alisema mtu yule hajawahi kulala na harufu ya samaki. Kisha alisema tena, na hilo nililiandika papo hapo nyuma ya tikiti ya basi, kwamba kama wangemwita yeye kwa siku mbili angewaonyesha jinsi mgongo unavyopinda wavu unapokuwa mzito, wala asingedai jina lake lipande kwenye kioo.

Ijumaa Kuu tulitazama kifo. Hakuna aliyesema kitu. Nilimtazama kijana, ambaye alikuwa anajua wanja, jibini, na majengo ya mbao na plasta ya Monastir, nikaona machozi yanamshuka huku anaendelea kufasiri. Alifasiri mpaka mwisho kabisa. Majina yalipopanda hakuna jirani aliyeondoka. Walimwomba ayasome, naye akayasoma yote, kwa matamshi yake ya Kibemba, mpaka yakaisha.

Jumatatu ya Pasaka upepo ulichafuka tangu alasiri, na shemeji yangu alikuwa ziwani na wenzake wanne. Nilimwona mdogo wangu anasimama kila mara mlangoni. Mimi nilitazama ukuta, maana sikujua kama nitaikuta picha. Ilikuwapo. Nkambo alikuja na kibatari chake, akakiweka mahali pake pa siku zote, akaketi.

"Huyu Robert," aliniuliza bila kugeuka, "ulisema amezaliwa mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa arobaini na nne, mama. Mwezi wa Juni."

"Basi ni kaka yangu. Mkubwa kwangu kwa miaka mitatu." Akafikiri. "Mke wake bado anaye?"

Nikasema nijuavyo mimi, anaye. Akaridhika. Kisha akaanza kuomba kwa Kibemba, polepole, nami nilisikia majina ya wanaume watano waliokuwa majini, na jina la mwanawe wa mwaka 1998, na baada yake, kwa matamshi niliyoyatambua kwa shida, Lobati wa Salifodi na mke wake.

Mtumbwi ulifika saa tatu usiku. Walikuwa wamelowa wote, na samaki hawakuwa wengi.